Namna ya Kuwa Mgonjwa Msumbufu kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Mgonjwa anayependwa na foleni ni yule anayefungua mdomo akiambiwa fungua, anayefunga akiambiwa funga, na anayejibu "Sawa, Daktari" hata kama jino lake jipya limesimama juu kuliko wenzake wote. Analipa, anashukuru, anaondoka. Baada ya wiki anatafunia upande mmoja. Baada ya mwezi anameza vidonge vya kichwa. Ukipita mwaka anaamini kwamba jino lililozibwa huuma tu, ndivyo lilivyoumbwa. Nakusudia kumharibu tabia mgonjwa huyo. Nataka awe msumbufu: aulize, arudie kuuma, akatae kushuka kitini. Nayaandika haya kwa nia safi kabisa, na daktari wa meno anayeipenda kazi yake ataniunga mkono, kwa kuwa anajua kwamba kipimo kizuri kuliko vyote chumbani mwake kimo kinywani mwa aliyelala kwenye kiti.

Mzizi wa jino haukugandishwa kwenye mfupa. Baina yao kuna utando wa nyuzi wenye unene wa kama milimita 0.2, na ndani yake zimejaa neva zinazopima kila msukumo. Watu wengi wakiuma kitu chembamba cha mikroni 20 hivi hukihisi, ilhali unywele wa mtu unakaribia mikroni 70. Kwa hiyo ukisema "Daktari, nahisi kama kuna kitu", umetoa kipimo, na kipimo hujibiwa kwa kupimwa tena. Usikubali kijibiwe kwa "Mama, utazoea" wala "Mzee, litakaa tu lenyewe". Mwili kweli huzoea mengi, na jino la asili linaweza kusogea kidogo kidogo likakwepa kero. Lakini kofia ya kauri inayovikwa jino haiishi haraka kama ugali, na muda ambao misuli, utando na kiungo cha taya vinahangaika kuizoea ndio muda wako wa kuumwa.

Usumbufu mzuri huanza kabla ya ganzi. Daktari anapovuta sindano, mwambie: "Daktari, samahani, naomba kwanza uone meno yangu yanavyokutana." Ombi hilo linachukua dakika mbili. Anakausha meno, anapitisha karatasi ya rangi, unauma, naye anaona ni wapi meno ya juu yanagusana na ya chini, kabla hajagusa chochote. Hiyo ndiyo ramani yako. Akishachonga jino linalozibwa, sehemu hiyo ya ramani imefutika, na kama hakuitazama atabaki kukisia. Anapotengeneza jino moja au mawili, kazi yake ni kuyafuata meno mengine yalivyo: jino jipya liingie kwenye mkutano uliopo bila kuwasukuma wenzake. Hawezi kuufuata mkutano ambao hakuuona.

Sumbua pia kwa historia yako. Kama gego la chini liling'olewa miaka kumi iliyopita na pengo likaachwa, sema, maana gego la juu lililokosa mwenzake huwa limeshuka kulifuata pengo, na jirani yake wa nyuma ameinama mbele. Ukiwekewa jino jipya katika pengo hilo bila gego lililoshuka kurekebishwa, litatengenezwa fupi na la mkunjo, au litagongwa tangu siku ya kwanza. Kama mwenzako wa chumbani hulalamika kwamba unasaga meno usiku, sema. Kama taya linalia unapopiga miayo, sema.

Na liko jambo moja la kwetu ambalo daktari asipoulizwa anaweza asilifikirie. Katika sehemu za Tanzania na Uganda wapo watu wazima ambao wakiwa watoto wachanga walitobolewa ufizi na kung'olewa vijino vya chonge vilivyokuwa havijachomoza, kwa kudhaniwa kuwa "meno ya nailoni" ndiyo yaliyoleta homa na kuharisha. Jeraha hilo hufika hadi kwenye mbegu ya jino la ukubwani. Jino la kudumu linaweza lisiote kabisa, au liote limepinda, au lichomoze mahali pasipo pake. Sasa, jino la chonge lina kazi ambayo hatuioni kwenye kioo. Unapopeleka taya kulia au kushoto huku meno yakigusana, kwa watu wengi meno ya chonge ya juu na ya chini huteleza moja juu ya jingine na kuyaachanisha magego, yasisuguane kiubavu. Mmarekani Angelo D'Amico aliitetea hoja hiyo kwa nguvu mwaka 1958, na tangu hapo wanataaluma wamebishana kama ni lazima iwe hivyo kwa kila mtu. Siyo lazima, wapo wenye meno mazima ambao magego kadhaa huigawana kazi hiyo. Lakini aliyenyang'anywa chonge utotoni anatelezea kwenye gego dogo ambalo halikuandaliwa mzigo wa ubavuni, na gego hilo likija kuvikwa kofia bila mtu kulijua hilo, kofia inaweza kuvunjika au mzizi ukalegea. Mtu huyo hana kosa lolote. Aseme tu: "Daktari, niling'olewa nailoni nikiwa mtoto." Sentensi hiyo inabadilisha namna kofia inavyochongwa.

Usumbufu unapaswa kupanda daraja pale meno yanayotengenezwa ni mengi. Taya la chini hukaa kama chungu juu ya mafiga matatu: viungo viwili vilivyo mbele ya masikio, na meno. Jino moja likizidi urefu, hilo ndilo linalogonga kwanza, na misuli inalazimika kuliburuta taya pembeni au mbele ili meno mengine nayo yafikiane. Hilo ni kwa jino moja. Yakichongwa kumi kwa mpigo, mahali pa zamani pa kufungia mdomo hapapo tena. Hakuna wa kumfuata. Hapo ndipo uulize swali litakalomfanya daktari avute kiti na kukaa: "Taya langu utalipima likiwa limekaa wapi?"

Swali hilo lina historia ndefu. Mwaka 1952 Ulf Posselt wa Sweden alichora mipaka ya mwendo wa taya la chini, na moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba kwa watu wengi sana, karibu tisa kati ya kila kumi, mahali ambapo meno yanashikana vizuri zaidi si mahali ambapo viungo vya taya vimetulia kwenye vikombe vyake. Tofauti yenyewe ni ndogo, kama milimita moja. Mtu anaishi nayo maisha yake yote bila habari, wala si ugonjwa. Lakini anayejenga kinywa kizima anahitaji sehemu ya kuanzia ambayo anaweza kuirudia leo, kesho na wiki ijayo akaikuta palepale, na meno yakishachongwa ni viungo pekee vinavyompa hiyo. Ndiyo maana huchagua mkao wa viungo.

Hata mkao huo nao umehamishwa katika vitabu. Kwa miongo mingi ulielezwa kuwa ni taya likiwa nyuma kabisa, hivyo vizazi vya madaktari vikafundishwa kuvisukuma videvu vya watu nyuma. Toleo la 1987 la kamusi ya istilahi za meno ya bandia likaueleza vingine: kichwa cha taya kikiwa juu na mbele, kimeegemea mteremko wa mfupa kupitia kisahani chembamba cha gegedu. Taya huongozwa kwenda huko taratibu, misuli ikiwa imelegea. Kwa hiyo ukikutana na mkono unaosukuma kidevu chako nyuma hadi unasikia maumivu mbele ya sikio, nyoosha kidole, ng'ang'ania, na useme inauma. Kipimo kilichochukuliwa misuli ikipigana na mkono wa daktari kitatoa meno ya mtu mwingine.

Nasema meno ya mtu mwingine kwa sababu fundi wa maabara hakuoni. Yeye anapokea nakala mbili za meno yako zilizomiminwa kwa plasta, na kipande cha nta au mpira mgumu kilichoumwa ili kumwonyesha jinsi zinavyokutana. Nta ikiwa imepinda kwa joto la safari kwenye bodaboda, fundi atafanya kazi nzuri kabisa kwenye mkutano usio wako. Kwa kazi kubwa nakala hizo hufungwa kwenye atikuleta, mashine ndogo yenye bawaba inayoiga viungo vya taya, na ili nakala ya juu ikae kwa umbali na mwinamo ulio sawa na wa kichwa chako, daktari hukuvalisha upinde unaoegemea masikioni na kupima. Mmarekani aitwaye Snow aliuleta upinde huo mwaka 1899, na umbo lake la msingi halijaachwa. Kwa kuziba jino moja hauhitajiki. Usiende kumdai daktari upinde kwa ajili ya tundu dogo. Ila kama unajengewa meno ya juu na ya chini kwa gharama ya kiwanja na hujawahi kuona upinde, wala nta, wala kifaa chochote kilichopima taya lako kwa njia nyingine, una haki ya kuuliza: "Fundi atajuaje taya langu linafungia wapi?"

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, yaani kukataa kushuka kitini.

Jino limezibwa, taa imezimwa, msaidizi ameshaanza kukusanya vyombo. Jambo la kwanza: omba kuketishwa wima. Ukiwa umelala chali taya hurudi nyuma kidogo kwa uzito wake, na mguso unaopatikana hapo unaweza kutofautiana na ule utakaokutana nao mezani. Hakuna mtu anayekula amelala chali ameangalia taa. Pili, meno yakaushwe, maana karatasi ya rangi haiandiki kwenye mate. Tatu, gonga meno taratibu mara kadhaa, kisha uma kwa nguvu, kisha peleka taya kulia, kushoto na mbele. Madaktari wengi hupima kugonga peke yake na kuisahau ile safari ya pembeni, na kofia nyingi huvunjikia hukohuko.

Zitazame alama naye, omba kioo. Jua tu kwamba alama kubwa ya buluu siyo lazima iwe ndiyo inayogonga kwa nguvu zaidi. Karatasi huonyesha mahali pa kugusana, haipimi uzito, na karatasi nene ya mikroni 200 huweka alama hata mahali ambapo meno hayagusani. Ndiyo maana iko nyingine nyembamba mno, ngozi ya plastiki inayong'aa, ya mikroni 8. Daktari huiweka kati ya meno mawili, unauma, anavuta. Ikishika, meno yanagusana, ikichomoka, hayagusani. Meno ya jirani yaliyoshika ngozi hiyo kabla ya kazi yanapaswa kuishika na sasa. Kama kabla gego la jirani lilishika na sasa linaiachia, jino jipya limeinua mdomo mzima, hata kama wewe kwa ganzi uliyonayo unaona raha tupu.

Ganzi ndiyo adui mkubwa wa mwongozo huu. Sindano ya taya la chini inaweza kuiacha midomo na ulimi bila hisia kwa saa 3 au zaidi, na mtu aliyekufa ganzi huuma ovyo, hajui taya lake liko wapi. Kwa hiyo kauli yako ya kitini si ya mwisho, nawe uitoe kwa sharti: "Daktari, kwa sasa naona sawa, lakini ganzi ikiisha nikaona liko juu nitarudi kesho." Mwambie na mtu wa mapokezi. Kuondoa sehemu iliyozidi ni kazi ya dakika chache isiyohitaji ganzi, na mgonjwa anayerudi siku ya pili anaokoa jino ambalo mgonjwa mpole huja kulitibu mzizi.

Ukirudi ukapunguziwa, usiondoke bado. Kofia za siku hizi nyingi ni za zirkonia, na zirkonia iliyong'arishwa vizuri hukaa na jino la pili kwa amani. Ikishachongwa kwa mashine na kuachwa na mikwaruzo, hugeuka msasa unaolila jino la asili linalogusana nayo kila unapotafuna. "Daktari, umeing'arisha?" Uliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Wenye jino la kupandikizwa, lile la skrubu ya titani, wana sababu ya ziada ya kusumbua. Hilo halina ule utando wa nyuzi wa milimita 0.2. Jino la asili likiumwa huzama kidogo kwenye tundu lake, mikroni 25 hadi 100 hivi. Skrubu iliyoshikana na mfupa huzama mikroni 5 hivi au pungufu. Zikigusana sawasawa kwa kuuma kwepesi, basi kwa kuuma kwa nguvu skrubu ndiyo inayobaki juu na kubeba mzigo. Vilevile haikupi taarifa kwa ukali ule ule, kwa kuwa haina neva za utando. Kwa hiyo hapa usitegemee hisia zako pekee. Omba ile ngozi ya mikroni 8 ivutwe, na mara nyingi daktari atataka ichomoke kwa kuuma kwepesi na ishike kwa kuuma kwa nguvu. Kisha urudi kupimwa kila mwaka hata kama huumwi.

Kuna usumbufu wa aina nyingine ambao nauthamini vilevile: kukataa kazi usiyoihitaji. Wapo watakaokwambia kila gego lililopotea lazima lirudishwe, la sivyo taya litaharibika. Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha mwaka 1981 kwamba watu wenye safu fupi ya meno, waliobaki na meno ya mbele na magego madogo, hukidhi mahitaji yao vizuri alimradi jozi za kutosha zinakutana. Wazo hilo lilikuja kupimwa hapa hapa Tanzania. Sarita na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Nijmegen, waliwachunguza watu wazima zaidi ya 800 na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliobakiwa na magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa walitafuna vya kutosha. Waliobaki na jozi 0 hadi 2 tu nyuma walipata taabu ya kweli, hasa kwa vyakula vigumu. Kwa jumla, safu fupi haikuonekana kuwaletea matatizo ya kiungo cha taya. Utafiti huo unafaa kujulikana na kila mama anayetaka kuuza mbuzi ili anunue gego la mwisho kabisa. Kama unakula mahindi ya kuchoma na muhogo mbichi bila shida, una haki ya kuuliza: "Daktari, nisipoliweka itakuwaje?" Jibu likiwa zuri, utalielewa.

Kataa pia kusagwa meno mazima kwa ahadi ya kuponya maumivu ya taya. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa gamba la jino likiondolewa halioti tena. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa na Cochrane mwaka 2003 haukupata ushahidi kwamba kusawazisha meno kunatibu au kuzuia maumivu ya kiungo cha taya. Kupunguza kazi mpya iliyozidi urefu ni jambo moja. Kuchonga meno uliyozaliwa nayo ili kutafuta maumivu yalikotoka ni jambo jingine kabisa. Kwa maumivu hayo anza na vinavyoweza kurudishwa nyuma: vyakula laini, kitambaa cha moto, mazoezi ya taya, na kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku. Mchana jichunguze pia. Meno hayapaswi kuwa yanagusana wakati wote. Taya likipumzika, midomo hufungwa na meno huachana kwa milimita 2 hadi 4. Ukijikuta umeyakaza mbele ya simu au usukani, achia.

Siku ya kurudi, nenda ukiwa na maelezo kamili. Tafuna upande huo kabla ya kwenda, karanga au kipande cha muwa, ili ujue linagonga wakati gani: meno yanapokutana, au taya linapokwenda pembeni, na upande upi. Mwonyeshe daktari kwa kidole. Kataa ganzi mpaka karatasi ipitishwe. Lakini kama jino linauma bila kuguswa, linakuamsha usiku, au maji ya baridi yanaacha maumivu yanayokaa dakika kadhaa, tatizo limeshafika kwenye neva. Achana na habari za karatasi na uombe picha ya eksirei siku hiyo hiyo.